Ua Lililonuka Lyamkena

Germana wa Kichiwa alikuwa na maua ya dalia yenye upana wa sahani ya pilau. Hakuyaokota njiani. Kwa miaka kumi na mmoja alichagua viazi vya mashina yaliyotoa maua makubwa kuliko wenzake, akavifukia tena, vilivyobaki akawagawia majirani. Parokiani ua moja tu lilitosha kujaza chombo cha altareni, na wageni wa harusi walikuwa wakiligusa kuhakikisha si la plastiki. Lile lililoyapita yote, jekundu la kuiva lenye ncha nyeupe, alilipa jina la binti yake Lidia, aliyefariki akiwa na miaka tisa.

Mtu mmoja tu alimfundisha kazi hiyo: Hilda, mtoto wake wa ubatizo. Tangu akiwa darasa la tano Hilda alishinda pale bustanini, na mvua ikinyesha walikaa jikoni kutazama kitabu ambacho sista mmoja Mjerumani alimwachia Germana alipokuwa anarudi kwao. Humo mlikuwa na ua la kisiwa cha Sumatra linalompita mtu mzima kimo, jingine la misitu ya hukohuko lenye upana wa tairi la baiskeli, lisilo na shina wala jani, na mmea wa milima ya Amerika ya Kusini unaokaa hata miaka themanini, unatoa maua mara moja, kisha unakufa. Germana alipenda kueleza kila picha kama sista alivyomweleza yeye. Hilda alipenda kufunua ukurasa unaofuata.

Akakua, akaolewa na Jastin, fundi magari wa Makambako, wakajenga Lyamkena kando ya barabara kuu. Germana alipolazwa Njombe miezi miwili kwa ajili ya nyonga, funguo za bustani alimwachia yeye.

Aliporudi, akitembea kwa mkongojo, alikuta mashimo. Viazi vyote vya dalia kubwa vilikuwa vimeng'olewa, tena kwa ustadi, bila hata kimoja kukatika. Hilda hakupokea simu. Msimu uliofuata Germana alimsikia redioni akisifiwa kwa bustani yake ya maua makubwa. Mtangazaji alimuuliza nani alimfundisha, akajibu kwamba alijifunza mwenyewe kwenye simu. Akalitaja ua lake bora, jekundu lenye ncha nyeupe. Alikuwa amelipa jina la Malkia Hilda.

Germana alizima redio. Kuibiwa viazi aliweza kukumeza. Jina la mtoto wake kufutwa, hilo lilimkaa kooni.

Hakugombana na mtu. Alisubiri mwaka mzima, huku akisali kwenye jumuiya kama kawaida, na akifika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea alifunga mdomo mpaka wenzake wayapite.

Mwezi wa tisa kaka yake Bonaventura, aliyeoa na kuhamia Ludewa kwenye mwambao wa ziwa, alikuja kumsalimu na kiazi ndani ya ndoo. Kilikuwa kikubwa kama boga. Alisema huko mvua za kwanza zikinyesha kinachipuza ua peke yake, bila jani, rangi ya damu iliyoganda, linafika kiunoni kwa mtu. Alimletea kwa kuwa alijua anapenda makubwa, ila aliomba asilipande karibu na nyumba.

"Likifunguka linanuka mzoga," alisema. "Tulidhani mbwa amefia shambani."

Germana akalikumbuka lile ua la Sumatra na maelezo ya sista, kwamba harufu hiyo ndiyo mwaliko wake kwa nzi. Hili lilikuwa la ukoo uleule. Aliikumbuka pia siku aliyokuwa akimweleza Hilda jambo hilo, na mtoto akaufunua ukurasa kabla hajamaliza.

Jumapili hiyo kwenye jumuiya alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kaka yake amemletea kiazi cha ua ambalo Njombe nzima hakuna mwenye nalo. Kuhusu harufu hakusema neno. Aliongeza kwamba anamsindikiza kaka yake Ludewa, atakaa wiki mbili. Alijua mama mkwe wa Hilda ameketi pale, na kwamba kabla ya jioni habari itakuwa imefika Lyamkena. Ndoo akaiacha barazani.

Aliporudi haikuwepo. Alikaa kwenye kigoda akanywa chai ya rangi, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali chai ikawa na ladha.

Mvua zilianza Novemba. Hilda akatangaza siku ya kulizindua ua kubwa kuliko yote ya nyanda za juu, akaalika kwaya, viongozi wa mtaa na mapadre wawili. Yaliyotokea Germana alisimuliwa kwa simu na Dorosela, mwanakwaya. Kitambaa kilipofunuliwa, nzi walitangulia. Sauti ya kwanza ikanyamaza katikati ya wimbo, mwenyekiti wa mtaa akatapika kwenye waridi, na wali wote ukabaki kwenye masufuria. Germana alicheka mpaka nyonga ikamuuma.

Furaha yake haikumaliza siku mbili. Kesho yake Dorosela alipiga tena, safari hii kwa mshangao: watu wamepanga foleni. Picha zilikuwa zimesambaa. Abiria wa mabasi ya Songea na Mbeya walikuwa wakishuka kuja kunusa, wanaziba pua, wanacheka, wanapiga picha, na Hilda amesimama pale akiwaeleza kwamba ni ua adimu alilolihangaikia miaka mingi.

Germana hakulala vizuri. Asubuhi alifunga kanga, akachukua jembe dogo na viroba viwili, akaenda Makambako.

Alisimama kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika Hilda alimwona, uso ukambadilika.

"Shikamoo, mama."

Germana hakuitikia. Hata ua lenyewe hakulitazama. Alilipita, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tuta la dalia zilizokuwa zimechanua, akapiga magoti kwa shida na kuanza kuchimba. Watu wakageuka. Jastin alitoka karakana akikimbia, akamshika mkono, akamwambia mama aache au ataita polisi.

"Mwache," Hilda alisema.

Jastin hakuelewa. Hilda akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, na foleni nzima ikasikia kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea tena. Aliyekuwa na haja ya kujua maua yale ni ya nani, alijua wakati huo.

Germana aling'oa shina la kwanza, la pili, la tatu. Maua mapana yalianguka kwenye tope akayakanyaga. Hilda alichuchumaa karibu yake, machozi yakimtoka.

"Mama, sio wakati wake. Ukizing'oa na maua hivi zitakufa."

"Zife kwangu," Germana alisema.

Alijaza viroba vyote viwili. Hakuna aliyemsaidia kubeba, na hakuna aliyemzuia.

Akazipanda jioni ileile kwenye manyunyu. Mashina kumi na tisa yalioza. Manne yalishika, na yapi ni ya rangi gani, wala kama shina la Lidia limo, hakuweza kujua.

Siku ya tano Hilda alimtumia ujumbe: "Mama, lile ua limeanguka lote. Nifanye nini?" Jibu Germana alikuwa nalo, alilipata kwa kaka yake. Kiazi hakijafa, kiachwe hapohapo, baada ya wiki chache litatoka jani moja pana kama mwavuli. Aliandika maneno mawili, akayafuta, akaweka simu chini.

Baadaye Dorosela alikuja kumwambia kwamba Jastin amekitupa kiazi kwenye shimo la taka. Alimtazama usoni aone atasema nini. Germana alijichungulia moyoni, akitafuta huruma au majuto. Hakukuta hata kimoja. Alikuta njaa tu, akainuka kwenda kusonga ugali.