Mtajeni Krastan

Kitendawili! Najua hamwezi kuniitikia kutoka huko mliko, basi natega tu. Nyumba ina mlango, ina madirisha, taa inawaka kutwa kucha, lakini mgeni hafiki. Nyumba gani hiyo?

Mjukuu wangu Zornitsa nilipomtegea hiki alinuna, maana alijua namsema yeye. Nyumba ile ni tovuti aliyoitengeneza kwa ajili ya kengele za baba yake. Na ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Ukibonyeza picha ya kengele unaisikia ikilia, kubwa kwa sauti yake na ndogo kwa sauti yake. Nilikaa nayo tangu asubuhi hadi kuwasha jiko, nabonyeza tu. Jioni Zornitsa akaja amechangamka: "Bibi, leo tumepata wageni wengi!" Akatazama vizuri kwenye kompyuta yake, kisha akanigeukia polepole. "Kumbe ni wewe."

Baba yake ni mwanangu Krastan. Anafua kengele za kondoo na kengele za wakukeri, wachezaji wetu wa vinyago wa majira ya baridi, kama alivyofua marehemu mume wangu. Anakunja bati la chuma, anatia vipande vya shaba, analifunika lote kwa udongo uliokandwa na manyoya ya mbuzi, na kulizika motoni mpaka shaba iyeyuke na kuuvaa mwili wa kengele. Halafu ndipo kazi yenyewe inapoanza. Anakaa na nyundo ndogo, anagonga ukingo, anasikiliza, anagonga tena, mpaka sauti aliyoitaka ije. Siku hizo usimsemeshe.

Vuli ile, wachungaji walipokwisha kuteremsha kondoo kutoka mlimani, Krastan alikuja mezani akala maharage yake, na bila kuinua macho akasema:

"Mama, mambo yakiwa hivi hivi mpaka Mtakatifu Georgi, nazima moto. Naenda Uhispania kuchuma machungwa na kina Rangel waliotangulia."

"Machungwa!" nikasema. "Na mgongo huo?"

"Mgongo utazoea."

Zornitsa aliweka kijiko chini. Siku ya Mtakatifu Georgi, mwanzoni mwa Mei, ndiyo siku ambayo kondoo hufungwa kengele mpya na kupandishwa mlimani, na ikishapita, fundi wa kengele hana mteja. Na moto wa karakana ile haujawahi kuzimwa kwa kukosa kazi tangu niolewe katika nyumba hii. Nikasema moyoni, hautazimwa nikiwa hai. Lakini kusema ni rahisi.

Krastan alipotoka nilimvuta Zornitsa. "Hebu niambie. Watu hawanunui tena kengele?"

"Wananunua, bibi. Ila si kwetu."

Akafungua mtambo wa kutafutia mambo mtandaoni, akaandika: kengele za kondoo. Aliyetokea juu kabisa ni kiwanda kimoja kinachokata kengele kwa mashine. Akanisikilizisha moja. Kopo lililopigwa teke, ndugu zangu! Kondoo mwenye heshima zake asingekubali kuvaa.

"Na sisi tuko wapi?"

Akashuka. Akashuka tena.

"Endelea," nikasema.

"Bibi, mpaka tufike tulipo sisi utakuwa umemaliza kufuma soksi."

"Lakini wazee walisema chema chajiuza!"

"Waliosema hivyo waliuza sokoni. Mnunuzi alipita, akasikia mwenyewe. Mtambo huu hauna masikio, bibi. Hauwezi kujua kengele ya baba ni tamu. Unachofanya ni kuuliza wengine: nani anamtaja huyu?" Akaona sijaelewa, akanionyesha dirishani. "Ule mlango mdogo kwenye ua, kati yetu na kina shangazi Mitra. Nani aliutoboa?"

"Mama yake Mitra. Alichoka kuzunguka barabarani kila alipotaka kuazima chachu."

"Basi kiungo cha mtandaoni ndio mlango ule. Mtu anauweka kwenye ukurasa wake, mgeni wake anabonyeza, anatokea uani kwetu. Mtambo unapita nyumba kwa nyumba, unatazama. Nyumba ambayo majirani wa maana wametoboa milango kuielekea, unasema, humu lazima mna kitu, na unaipandisha juu. Na huwezi kujitobolea mwenyewe. Ni lazima jirani atoboe, upande wake, kwa hiari yake."

"Sisi tumetobolewa mingapi?"

"Mmoja. Wa shangazi Mitra, kwenye ukurasa wake wa jamu."

Kumbe Krastan alikuwa mlangoni, ametusikia. Mwanangu ni mtu wa vitendo. Hakumwambia mtu, akampata jamaa fulani kwa simu anayeuza milango hiyo kwa jumla, kama viazi. Baada ya wiki chache Zornitsa akapiga kelele mpaka paka akakimbia.

"Baba! Hii milango yote imetoka wapi? Kurasa za kamari! Dawa za kuotesha nywele! Hii nyingine haina hata mwenyewe!"

"Si ulisema tunahitaji milango?"

"Ya majirani, baba! Wewe umetununulia milango kwenye mahame!"

Hapo nikaelewa vizuri kuliko mwanzo, maana kijijini kwetu mahame ni mengi. Watu wamekwenda mijini na ng'ambo, paa zimeporomoka, miti imeota jikoni. Ukimwona mtu anatokea kwenye nyumba kama hiyo humkaribishi kahawa, unashika ufagio. Mtambo nao ulituona hivyo hivyo. Tulikuwa chini, sasa tukawa chini zaidi. Ikabidi Zornitsa awaandikie wenye mtambo kwamba milango ile hatuitambui, naye Krastan akaenda kukaa karakanani akipiga nyundo mahali pasipohitaji nyundo.

Nikamfuata na banitsa, ule mkate wetu wa matabaka wenye jibini, ya moto.

"Krastan, kengele zako zinavaliwa na nani?"

"Mama, unajua."

"Nijibu."

"Wakukeri wa Slivak ya Juu. Wakukeri wa Slivak ya Chini. Wachungaji wa bonde zima."

"Na hao wana kurasa zao mtandaoni?"

"Wanazo. Zinatazamwa na watu wengi, hata wa nchi za nje."

"Basi kwa nini hawakutaji?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hawatembei uchi. Kwetu kundi la wakukeri halimtaji fundi wake. Wanaume wale wanapovaa ngozi za mbuzi na vinyago, wakaruka na kengele kiunoni kuwafukuza pepo wa baridi, mlio wao ndio jina la kijiji chao. Fundi akijulikana, kijiji cha pili kitakwenda kwake na kuuchukua mlio ule ule. Ndiyo maana mtu akinunua kengele, kitu cha kwanza kufanya ni kuchukua tupa na kufuta alama ya fundi. Kadiri wanavyompenda ndivyo wanavyomficha.

"Baba naye alifichwa," Krastan akasema. "Ni heshima, mama. Siendi kuwaomba wanitaje. Aibu."

"Aibu ni kufa kwa baridi na makaa unayo. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi."

Nikaenda. Januari, siku ya tamasha la wakukeri, theluji hadi magotini, uwanja wa mji mdogo ulio karibu nasi umejaa mlio mpaka meno yanatetemeka. Zornitsa alikuja nami. Krastan alikuja pia, akisema anatusindikiza tu, lakini alivaa kofia yake nzuri.

Nilimpata kwanza Velko, kiongozi wa Slivak ya Juu. Alikuwa amevua kinyago, jasho linamtoka kama farasi.

"Bibi Kalina! Umesikia tulivyolia?"

"Nimesikia, mwanangu. Sasa nataka mwandike kwenye ukurasa wenu kwamba kengele zile amefua Krastan, na mweke kiungo cha kwake."

Velko akatazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa. "Punguza sauti, bibi! Hata mke wangu sijamwambia. Watu wa Chini wakijua, mwakani watatokea na mlio wetu. Na wale wanavyocheza, kama wanakanyaga zabibu!"

Nikaenda kwa Toma wa Slivak ya Chini, aliyekuwa akinywa rakia, pombe yetu kali ya matunda, ya moto, kwenye kibanda.

"Siwezi, bibi. Nakuheshimu kama mama yangu. Lakini wale bata wa Juu wakijua tunafuliwa na Krastan, tumekwisha."

Mnaona? Kila mmoja alidhani Krastan ni wake peke yake. Mwenye busara angerudi nyumbani. Mimi nikamshika Toma mkono, nikamkokota hadi kwenye meza ya Velko, nikamketisha.

"Velko, huyu kengele zake kafua mwanangu. Toma, na huyu pia. Haya, sasa pigianeni kelele mmalize."

Wakapiga. Mungu wangu, wakapiga!

"Krastan!" Velko akafoka. "Umeuza mlio wetu kwa hawa?"

"Wenu? Sisi tumeanza kununua kwa marehemu baba yake nyinyi mkiwa mnavaa makopo!"

"Makopo alivaa babu yako!"

Watu wakakusanyika. Zornitsa akawa mwekundu, akaninong'oneza, "Bibi, umetumaliza." Na kweli niliingiwa na hofu, maana wale wakigoma kununua, Uhispania haingesubiri hata Mtakatifu Georgi. Lakini sikuondoka pale. Nikamtazama mwanangu tu. Krastan alivua kofia yake nzuri, akasema, si kwa sauti kubwa:

"Nipeni kengele. Moja huku, moja huku."

Wakampa, kwa kuvuta vuta. Akaitikisa ya Juu. Ikatoa sauti nzito, yenye mvumo mrefu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Akaitikisa ya Chini. Hiyo ilikuwa kavu, ya haraka, imejaa kicheko. Akazitikisa pamoja, na hata mtoto angejua ipi ni ipi.

"Slivak ya Juu mnacheza kwa kuburuta mguu," akasema. "Nimewafulia kengele ya mguu huo. Nyinyi wa Chini mnaruka juu juu. Nikiwapa kengele za Velko zitawachelewesha, mtaanguka. Sijawahi kumpa mtu mlio wa mwenzake, wala baba hakuwahi. Mnanificha kwa kitu ambacho hakiibiki."

Akamega mkate uliokuwa mezani, akauchovya kwenye chumvi, akaula mbele yao. Kwetu mtu hali mkate na chumvi juu ya uongo.

Velko akaipokea kengele yake, akaitikisa karibu na sikio, kana kwamba anaisikia mara ya kwanza.

"Kwa hiyo," Toma akasema, akikuna shingo, "nikiandika kwamba fundi wetu ni Krastan, hawa bata hawapati kitu?"

"Hawapati kitu."

"Basi mimi naandika leo."

"Leo?" Velko akaruka. "Utaandika wewe kabla yangu? Kijana wangu anaandika sasa hivi! Zornitsa, mwanangu, njoo uniambie hicho kiungo kinawekwaje!"

Zornitsa alikimbia huku na huku kama mhudumu wa harusi. Akawaomba kitu kimoja tu: wasinakiliane maneno, na wasimsifu baba yake kama tangazo. Kila mtu aeleze alichokiona kwake. Velko akaandika habari ya mguu wa kuburuta. Toma akaandika habari ya kuruka, na humo akatia neno moja kuhusu bata, ambalo mpaka leo hataki kulitoa.

Msidhani tulilala hapo tukaamka matajiri. Wiki zilipita, mtambo ukawa kimya, na Krastan akaanza kuulizia bei ya basi. Nami sikukaa. Nikachukua fimbo yangu na Zornitsa wangu tukapita bonde zima. Mchungaji mwenye ukurasa wa jibini, tukakaa kwake tukala jibini. Makumbusho ya mji, mama wa pale akasema walikuwa na kengele tatu za marehemu mume wangu kabatini zimeandikwa "fundi hajulikani." Nikamwambia, anajulikana sana, mimi nilimfulia mashati. Akasahihisha, na kwenye ukurasa wa makumbusho akatutobolea mlango. Mwalimu mmoja wa muziki alikataa kabisa, akasema hatangazi biashara. Nikarudi kwake tena. Akakataa tena. Mara ya tatu nilimpelekea kengele asikilize, sikumwomba chochote, na yeye mwenyewe akaandika ukurasa mrefu ambao sikuelewa nusu yake.

Zornitsa akawa ananiita kila asubuhi kuja kutazama. Tulikuwa tukipanda. Polepole, kama kondoo mwenye mimba, lakini tulipanda. Kiwanda cha makopo kilikuwa bado juu yetu, ila sasa nilikiona bila kuvaa miwani.

Wiki moja kabla ya Mtakatifu Georgi, tukiwa tunakunywa chai, simu ya Krastan ikalia. Namba ngeni. Akaipokea kwa uso wa mtu anayetarajia wauza bima.

"Ndiyo, ndiye mimi... Nani kakuambia?" Akasikiliza. "Kwenye ukurasa wa Slivak? Na wa makumbusho?" Akatutazama mimi na Zornitsa, kisha akatugeuzia mgongo, kama anavyofanya asipotaka tuuone uso wake.

Mtu yule alikuwa mchungaji wa upande wa pili wa milima, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Alitaka kengele za kundi zima, na nyingine kwa ajili ya kaka yake. Zornitsa alinibana mkono mpaka ukauma. Tukangoja Krastan amwambie kwamba anafunga, kwamba anakwenda Uhispania, kwamba amechelewa.

"Sikiliza, bwana," Krastan akasema. "Mimi siuzi kengele kabla sijalijua kundi. Dume anayetangulia ni mzito au mwepesi? Anatembea au anakimbia? Hapana, usiniambie kwa simu. Jumatatu nakuja kumwona."