Udongo wa Ijumaa

Mume wangu Abdul-Latif anaendesha tipa. Tangu mwaka jana anamwaga udongo mwekundu kwenye kinamasi cha mafunjo nyuma ya mtaa wetu, Katwe, ambako tajiri mmoja anajenga maghala. Watu walitupongeza kwa kazi ile. Mimi nilinuna. Kinamasi ndicho kilichokuwa kikiyanywa maji ya mvua kabla hayajafika mlangoni kwetu, na kulijua hilo hakuhitaji shule.

Mvua za Machi zikaingia ndani mpaka zikaozesha miguu ya kitanda. Nilimjia juu Abdul-Latif hata majirani wakapunguza redio wasikie vizuri.

"Acha ile kazi!"

"Mama Iman, mimi nikiacha, tipa itasimama? Kuna dereva mwingine, Mumbere, anangojea tu ufunguo."

Aliacha, wallahi. Jumatatu alishinda nyumbani akinywa chai kama mgonjwa. Mimi nikaenda kutazama. Mumbere alikuwa kwenye tipa ileile, akanipungia mkono kwa furaha, maskini, huku udongo ukiyafukia mafunjo mabichi. Nilisimama pale nikijiona si lolote. Jioni nikamwambia mume wangu arudi akaombe tipa nyingine.

Kazini kwao kuna desturi: Ijumaa baada ya swala, dereva anaruhusiwa kupeleka tripu moja ya udongo kwake. Ndiyo shukrani ya tajiri. Basi Ijumaa ile Abdul-Latif akatumwagia rundo mbele ya mlango, tuinue baraza na sakafu. Madereva wenzake wa mtaani walishainua nyumba zao. Nyumba iliyobaki chini kuliko zote ni ya jirani yetu Amito, ambaye mtoto wake hajatimiza arobaini.

Amito akatoka na mtoto kifuani. Akalitazama rundo, akatazama mlango wake, akaelewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Mama Iman, sasa maji itaenda wapi?"

Nilitafuta uongo wa kumpa. Nilimpenda Amito, na nilitaka kulala pakavu. Upande wa kilima cha Lubaga mawingu yalikuwa yameshajaa, na mume wangu alikuwa ameanza kusawazisha bila kumtazama mtu usoni.

"Mtoto leo alale kwetu," nikamwambia.

Halafu nikachukua sepetu, nikamsaidia mume wangu kujaza udongo.