Mbuzi wa Juu ya Paa

Jumatano hiyo, kabla ya saa nne asubuhi, Lilly alikuwa ameshatoka nje ya duka mara tisa, na mara zote tisa hakuwa na shughuli yoyote huko nje. Anafika ukingoni mwa barabara, anatazama upande yanakotokea mabasi ya Kampala, anarudi, anakaa kwenye kompyuta, anapiga chapa mistari miwili ya barua ya mtu ya kuomba kazi, kisha anainuka tena kama mwenye siafu miguuni. Duka lilikuwa kibanda cha bati pale Custom, mjini Juba, la kutoa fotokopi na kupiga chapa. Mwenyewe alikuwa Aidah, Mganda aliyefahamu kazi yake vizuri na mambo ya watu vizuri zaidi.

"Wewe Lilly leo iko namna gani?" Aidah akamuuliza. "Unatembeatembea kama mutu bibi yake anazaa."

Lilly akasema hana kitu. Uongo mtupu. Alikuwa nacho, na kilikuwa kinamla kwa miezi kumi na mmoja.

Jumamosi ile ilikuwa karama ya baba yao, mzee Swaka, ile sala na karamu ya kumaliza matanga. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yao huko Jebel, bado udongo mtupu, na sasa lingewekewa mawe. Katika ukoo wao mbuzi wa karama huletwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Jioni ya kuamkia sala humfunga ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, na asubuhi ni yeye anayeweka jiwe la kwanza. Mtoto wa kwanza alikuwa Johnson. Naye Johnson alikuwa Bweyale, Uganda, kule walikokuwa wakimbizi wote pamoja. Wenzake waliporudi Juba yeye alibaki na gereji yake ya pikipiki.

Johnson hakuwahi mazishi. Basi lake lilikwama Nimule siku mbili kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, na baba mdogo, Jubek, akaona maiti haiwezi kungoja zaidi. Johnson alipopiga simu kutoka Nimule kusema barabara imefunguliwa na yuko njiani, Lilly alimpokonya mama simu, akatoka nayo uani, na kwa uchungu aliokuwa nao akasema, "Usijisumbue. Baba ameshazikwa na watoto wake."

Johnson akageuza njia siku ileile. Simu za mama alizipokea, akasema "tutaona", akakata. Za Lilly hakupokea hata moja. Nyumbani hakuna aliyejua habari ya maneno yale. Wote walimlaumu Johnson kuwa ana roho ngumu, na Lilly akawaacha wamlaumu. Hapo ndipo alipojichukia. Na sasa baba mdogo alikuwa ametoa kauli: ikifika Alhamisi jioni bila neno la hakika, atanunua mbuzi mwenyewe, na mwanawe yeye ndiye atakayeweka jiwe.

Kulikuwa na uzi mmoja tu uliobaki kati ya ndugu hawa wawili, nao ulikuwa wa kichekesho: mchezo wa kompyuta. Usiudharau. Ulikuwa mchezo mkubwa, nchi nzima ya milima na majoka na wafalme na wachawi, wenye shujaa mmoja anayejenga nyumba yake na kuzunguka humo akitafuta makuu. Waliununua Bweyale kwenye diski, nakala ya nakala ya nakala, na haukuwahi kurekebishwa tangu siku hiyo. Kwa hiyo ulikuwa na wazimu wake. Mfalme akimaliza kukupa amri muhimu ya kuokoa ufalme anageuka na kutembea akiukabili ukuta mpaka kesho. Kulikuwa na joka linaloruka kinyumenyume. Masanduku ndiyo yalikuwa majizi makubwa. Ukiweka kitu humo, baada ya siku kadhaa sanduku limekimeza, kwa hiyo mali yao yote waliipanga sakafuni kama watu wanaouza mtumba.

Na kulikuwa na mbuzi. Siku ya tano tu ya kucheza, mchezo ulimtupa mbuzi juu ya paa la nyumba yao, na hapo akakaa miaka minane. Walimjaribu kwa kabichi, kwa mkate, kwa kelele. Hakushuka. Mzee Swaka hakuwa na haja na mapanga na uchawi, ila kila akitoka shamba alisimama nyuma yao na jembe begani, akauliza, "Yule jamaa ameshuka?" Wakimwambia bado, alifurahi kabisa. "Mwacheni," anasema. "Ana akili kuliko nyinyi." Akapiga marufuku mshale wowote kuelekezwa juu ya paa lile.

Familia iliporudi Juba walianza kucheza kwa zamu. Johnson anacheza wiki mbili, anahifadhi kwenye flashi, anampa Loku, kondakta wa basi, naye Loku anaileta Custom ikiwa imefungwa kwenye nailoni na kuzamishwa ndani ya kopo la karanga za kusaga, isije ikaingia vumbi au mikono ya watu. Lilly akimaliza zamu yake, kopo linarudi. Baada ya mazishi flashi ilibaki kwa Lilly, kimya. Wiki tatu zilizopita ndipo alipopiga moyo konde. Aliingia kwenye mchezo, akaenda sokoni kwa mfanyabiashara wa mjini, akanunua kamba, kitu kisichokuwa na kazi yoyote katika mchezo ule, akailaza katikati ya sakafu ya nyumba yao. Akahifadhi, akampa Loku. Siku ya karama Johnson alikwisha kuambiwa na mama, na kamba angejua ni ya kumfungia nani. Kuandika barua Lilly hakuweza. Kila alipoanza, mkono ulikataa.

Basi likafika saa sita kasoro. Loku akavuka barabara na kopo mkononi. Lilly akamuuliza Johnson amesema nini.

Loku akasema hakusema kitu. Mikono ilikuwa na oili, alipitisha kopo dirishani akarudi kwenye pikipiki yake.

Ikawa sasa ana flashi mkononi na hana kompyuta, maana mzee mmoja kutoka Bilpam, kwenye makao makuu ya jeshi, alikuwa ameleta faili la kurasa sitini, kila ukurasa nakala mbili, na jenereta ilikuwa ikihema. Lilly akazitoa kurasa zile kwa haraka mpaka akazipanga vibaya, akazipanga tena. Zilipobaki nane, jenereta ikazima. Aidah akapeleka kidumu kutafuta petroli, na Lilly akasimama mlangoni akiing'ata kucha ya kidole gumba hadi ikauma. Ilikuwa saa nane walipowasha tena, mzee akaenda zake na faili lake, na Aidah akamwambia haya, cheza mambo yako, lakini mteja akija, inuka.

Mchezo ukafunguka. Shujaa alikuwa amesimama nje ya nyumba yao. Lilly akainua macho ya shujaa juu ya paa, kama alivyofanya kila mara.

Paa lilikuwa tupu.

Akazunguka nyumba. Akapanda kilima cha nyuma kutazama vizuri. Hakuna mbuzi. Alimtumia kaka yake kamba, na kaka yake amemjibu kwa kumuua mbuzi wa baba. Hakuna jibu lingine lililo wazi kuliko hilo: sina mbuzi, sina karama, sina nyinyi. Machozi yakamjia, na pamoja na machozi hasira, akaona heri amtukane tena, kisha akakumbuka kilichomfikisha hapo ni nini.

Akataka angalau aingie ndani aone kama kamba nayo imetupwa. Mlango haukufunguka. Akausukuma, ukasogea kidogo, ukarudi. Akausukuma mara kumi.

"Hiyo mulango si imekataa?" Aidah akasema nyuma yake. "Toka basi."

Lilly hakutoka. Palikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa wazimu mwingine wa mchezo ule. Ukijibana kwenye kona kati ya ukuta wa jikoni na pipa la maji, huku umebeba vyungu kupita kiasi, ardhi inashindwa kukubeba. Unazama, unajikuta chini ya dunia, na kutoka huko unaziona nyumba kwa chini, sakafu zote wazi kama kioo. Una muda wa kuhesabu mpaka kumi hivi, kisha unakufa. Johnson ndiye aliyeigundua, na kwa wiki nzima hawakufanya jambo jingine ila kufa.

Akaokota vyungu vyote vya uani, arobaini na kitu. Akajibana, akaruka. Pipa likamrusha juu, akaanguka vibaya akafa bure. Akafungua upya, akaokota tena. Mteja akaja na kitambulisho cha kutoa nakala, na Aidah, Mungu ambariki, akaenda kuitoa mwenyewe. Lilly akajibana, akaruka.

Akazama.

Moja, mbili. Juu yake palikuwa na sakafu ya nyumba yao, na vitu vyote vikionekana kwa upande wa chini: ngao, vibuyu vya dawa, viatu vya shujaa. Tatu, nne. Katikati, alipoiacha kamba, hapakuwa na kamba. Tano. Nyuma ya mlango, zimeubana mlango usifunguke, zilisimama kwato nne.

Sita, saba. Mchezo ule hauna namna ya kumfunga mnyama, lakini kamba ilikuwa imelazwa kutoka kwenye kwato mpaka kwenye mhimili wa mlango, imenyooshwa vizuri, kama ambavyo mtu angeilaza akiwa na subira nyingi. Miaka minane yule jamaa alikataa kushuka, na Johnson amemshusha, amemwingiza ndani, amemfunga nyuma ya mlango. Nane, tisa. Shujaa akafa, na Lilly akacheka kwa sauti huku analia.

Aidah akainama kutazama kioo cheusi. "Wewe unalia juu ya mbuzi ya komputa?"

"Kaka yangu anakuja," Lilly akasema.

Kusema hivyo kwa Aidah ilikuwa rahisi. Jioni ile nyumbani, baba mdogo Jubek alimkazia macho, akataka kujua nani aliyesema Johnson anakuja, kwa simu gani, saa ngapi. Lilly akaona hawezi kumweleza mzee habari za kwato bila kumweleza za kamba, wala za kamba bila kueleza kwa nini hawasemezani. Kwa hiyo akayatoa yote, mbele ya mama, pamoja na maneno aliyoyasema uani siku ya mazishi, neno kwa neno. Mama aliweka chini sahani aliyokuwa akiiosha, akampa Lilly mgongo.

Jubek akasema sawa, hatanunua mbuzi. Lakini Johnson asipofika, Jumamosi Lilly atasimama mbele ya watu wote na kuyarudia maneno yale kama alivyoyarudia sasa, ili watu wajue jiwe limekosa mwenyewe kwa sababu ya nani. Lilly akakubali. Ungemwambia afanye nini?

Alhamisi ikapita, hajui ilipita vipi. Simu ya Johnson haikupatikana. Usiku roho ikaanza kumgeuka: je, kama mbuzi alijiingiza mwenyewe? Katika mchezo ambao mfalme anatembea kwenye ukuta, mbuzi anashindwa nini kuanguka na kupenya? Je, kama ile kamba iliteleza tu?

Ijumaa basi la kwanza likaja saa nane. Akatazama kila uso ulioshuka. La pili likaja saa tisa na nusu, likashusha wafanyabiashara na magunia ya vitunguu. Aidah akafunga duka kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya sikukuu, akaja kusimama naye bila kuulizwa. La tatu lilikuwa la Loku. Lilifika karibu na saa kumi na moja, jekundu kwa vumbi kutoka taa hadi taa. Watu wakashuka, wanawake na watoto, mzee mmoja na godoro, mwanafunzi mmoja, kisha hakuna. Mlango ukabaki wazi na ndani hamna mtu.

Loku akashuka akijipangusa shingo. Alipoona uso wa Lilly akaelekeza kidevu juu.

Juu ya basi, kati ya magunia, alisimama mbuzi mweupe, miguu minne imekaza, anaitazama Custom yote kana kwamba ameinunua. Nyuma yake alichuchumaa Johnson, kope zake nyekundu kwa vumbi, mkono mmoja ameuzungusha kwenye shingo ya mnyama yule.

"Imekataa kushuka tangu Nimule," akasema.

Lilly akasogea mpaka akagusa bati la basi. "Kaka, yale maneno niliyokwambia siku ile..."

"Niliyasikia." Johnson akamtazama kidogo, kisha akarusha mwisho wa kamba chini. "Shika kamba."

Lilly akaishika kwa mikono yote miwili.