Kikombe cha Nasiri

Mimi maziwa hayanipendi, na nimeacha zamani kuyabembeleza. Nikinywa kikombe kimoja cha maziwa yaliyokamuliwa leo, haipiti nusu saa tumbo linanguruma, linajaa, halafu ni mbio za msalani. Mtindi naweza, nusu kikombe, nikiwa nimekula kitu kwanza. Samli haina neno. Lakini maandazi ya watu lazima niulize yamekandwa na nini, na chai yangu ni kavu, tangawizi tele. Asiyeipenda asije kwangu.

Shida ni kwamba nimezaliwa Rwanda. Hapa mtu akikupa maziwa amekupa heshima yake yote. Ukiyakataa, ama unamdharau, ama unadhani amekutilia sumu. Nilipokuwa msichana nilikataa mara moja kwa shangazi yake baba, nikaitwa mwenye kiburi mpaka siku naolewa. Tangu hapo sikumwambia mtu. Nikitembelea watu peke yangu nilikuwa nasema nimefunga. Nimefunga saumu nyingi za uongo, Mungu anisamehe, mpaka mtaa wetu mzima wa Nyamirambo ukaniona mcha Mungu.

Aliyejua ni mume wangu Nasiri peke yake. Tukienda kwa watu alikuwa ananiketisha kulia kwake. Akishamaliza kikombe chake, mwenye nyumba akigeuka tu, tunabadilishana, na changu anakinywa. Watu walimwita Ndama. Kwa miaka ishirini na tatu sikumwaga tone wala sikuaibika.

Lakini tulikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha. Tukirudi nyumbani kutoka kwa watu, Nasiri hakai. Anavua koti, anasema "narudi sasa hivi," anashuka mtaa wa Biryogo, na harudi mpaka saa mbili zipite. Nikimuuliza, anasema alikuwa kwa ndugu yake Kubwimana. Kwa Kubwimana kila mara? Ndugu wa mtu si ndiye anayemfichia? Nikajua kuna mwanamke. Mimi si mtu wa maneno ya upole. Nilimtukana, nikamfungia mlango kwa komeo, akawa anabisha polepole ili majirani wasisikie. Hakujitetea hata siku moja. Alipofariki, mwaka 1990, nilikaa eda nikimkagua kila mwanamke aliyekuja kunipa pole, nikijiuliza ni yupi.

Mwaka 1992 mwanangu Gasana, mtoto wangu wa pekee, akataka kumwoa Jovia wa Kabuga. Kwao ni Wakatoliki, wafugaji. Binti alikubali kusilimu, na baba yake, Eustache, na mama yake, Mukandayisenga, walilimeza hilo kwa shida. Wiki moja kabla ya kwenda kuposa, Gasana alinikuta kwenye cherehani.

"Mama, wanasema sisi Waislamu tunawaona wachafu. Bia yao hatunywi, nyama yao hatuli. Sasa wamesema watatukaribisha kwa maziwa, maana hayo hata Mwislamu hana sababu ya kuyakataa. Tafadhali, siku hiyo usifunge. Ukikataa na maziwa, Jovia sitampata."

Ningemwambia palepale. Mdomo huu, unaomgombeza mteja mpaka anasahau kitambaa chake, ulishindwa kutaja tumbo. Wiki nzima nilikaa na jambo lile peke yangu, nikishona gauni la kuvaa siku hiyo, sina wa kumwambia. Nilimkasirikia Nasiri kwa kufa kwake.

Tulikwenda Jumamosi, mimi, Gasana, wazee wawili wa msikitini, na Kubwimana awe msemaji wetu. Kwenye kizuizi cha askari, maana nchi ilikuwa vitani, tulishushwa garini tukaonyesha vitambulisho, tukafika tumechelewa. Tukaketishwa uani, chini ya turubai. Kubwimana alikaa kulia kwangu. Kushoto kwangu kiti kilikuwa kitupu, wameweka mikoba ya akina mama.

Mukandayisenga aliyaleta maziwa mwenyewe, kwenye vikombe vya mti, akinipa cha kwangu kwa mikono miwili.

"Iko ya leo asubuhi, ya ng'ombe yangu mwenyewe," alisema.

Yalikuwa bado na joto. Wote walikuwa wanakunywa na wote walikuwa wananitazama. Nilipiga hesabu: hotuba zilibaki za saa nzima, na choo kiko ng'ambo ya ua, mbele ya macho ya kila mtu. Nikinywa, nitawakimbia katikati ya maneno yao, na hiyo nayo ni dharau. Nikageuka kushoto kabla sijajizuia. Mikoba tu. Nilikipandisha kikombe mpaka mdomoni, nikakishusha. Eustache akaona, naye akakiweka cha kwake chini.

"Mama Gasana," alisema. "Kikombe yetu iko chafu?"

Gasana aliinamisha kichwa. Wazee wa msikitini waliacha kunywa. Nikaona niseme tu.

"Baba Jovia, kikombe chenu ni kisafi kuliko changu. Tumbo langu halipokei maziwa tangu nizaliwe. Tukikaribishwa, marehemu alikuwa ananinywea cha kwangu. Leo hayupo."

Aliyejibu hakuwa Eustache. Kubwimana alinigeukia, amekunja uso.

"Nasiri alikuwa anakunywea?"

"Kila mahali."

"Shemeji, Nasiri naye maziwa yalikuwa hayamkai. Tangu utoto. Mimi nakunywa, yeye hapana, mama alimlea kwa uji. Alikuwa anakuja kwangu ameshika tumbo, jasho linamtoka, anashinda msalani. Namwambia acha maziwa, wewe unajijua. Anacheka. Aliniapisha nisikwambie."

Mukandayisenga akakitoa kikombe mikononi mwangu. Hakukimwaga wala hakukipa mtu. Alikinywa yeye mwenyewe, amesimama, mpaka mwisho, kisha akamtazama mumewe.

"Baba ya huyu kijana aliumwa tumbo miaka yote kwa ajili ya bibi yake," alisema. "Mimi nitamunyima binti namna gani? Muletee mama juisi ya ndizi."

Hivyo ndivyo tulivyompata Jovia. Sasa wanakaa mtaa wa Sonatubes, yeye na Gasana, na Ijumaa wakija ananipikia chai kavu bila kuulizwa. Ni mtoto mzuri. Wakiondoka, narudi kwenye cherehani, na nyumba inanyamaza.

Jioni silifungi tena lile komeo. Jirani ananionya, nyakati hizi si za kuacha mlango hivi. Ninajua. Lakini mkono wangu ukiligusa tu, nasikia mtu anabisha polepole, asisikiwe, tumbo lake limetoka kuuma na mimi ndani natukana. Ningetaka kumwomba radhi, na wa kuombwa hayupo. Miaka ishirini na tatu nilimtafuta mwanamke wa Biryogo nimng'oe nywele. Mwanamke wa Biryogo nilikuwa mimi.