Neno Moja kwenye Karatasi ya Chokoleti

Mwalimu Kwa Nini alikuwa amestaafu kufundisha historia, lakini jina la utani alilopewa na wanafunzi halikustaafu. Hata sokoni aliitwa hivyo, wala hakuchukia, maana ukimwambia mvua inakuja angetaka kujua kwa nini. Basi mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyekuwa akiropoka darasani mpaka wenzake wakamwita Kasuku, alipofungua kiwanda cha chokoleti nyeusi na kumjia nyumbani kumwomba historia fupi ya kakao ya kuchapwa nyuma ya karatasi ya kufungia, Mwalimu alifurahi kama mtu aliyerudishiwa chaki yake.

Aliandika kwa moyo wote. Alieleza jinsi watu wa kale wa Amerika ya Kati walivyoinywa kakao ikiwa chungu, imetiwa pilipili na kutoka povu. Jinsi Wahispania walivyoivusha bahari, ikatiwa sukari na kunywewa katika majumba ya wakubwa. Na jinsi utamu huo ulivyotoka kwenye migongo ya watumwa wa mashamba ya miwa na ya kakao. Kwa kuwa Kasuku aliomba pia neno la afya, alisoma, akauliza, kisha akaandika sentensi moja aliyoipima kwa uangalifu: huenda kakao ikaisaidia kidogo mishipa ya damu, lakini si badala ya matibabu. Kasuku akaisoma mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akasema hakuna mwalimu kama yeye.

Chokoleti zilipotoka aliletewa boksi zima. Akaona uso wake umechorwa pembeni ya karatasi, miwani na tabasamu, akacheka mpaka machozi. Maneno ya nyuma hakuyasoma. Aliyaandika mwenyewe, ya nini kuyarudia? Akagawia majirani, na zilizobaki akampelekea kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi saa, mtu wa subira na mkono usiotetemeka. Presha alikuwa nayo kwa muda mrefu, na vidonge vyake alivichukia, kwa sababu vilimwinua kitini kwenda chooni kila mara, tena pale hasa alipokuwa ameshika kigurudumu kidogo kuliko punje ya mchele. Wateja walimtania kwamba saa zao zinachelewa kwa sababu ya kibofu chake.

Asubuhi moja wifi yake, mke wa huyo kaka, akapiga simu. Fundi alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti chake cha kazi. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haumsikii.

Mwalimu alimkuta wifi kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani. Muuguzi alitoka kuuliza kama mgonjwa alikuwa akimeza vidonge vyake. Wifi alimgeukia Mwalimu.

"Wifi, usinikasirikie. Vidonge aliacha. Alisema, 'Dada yangu hajawahi kumdanganya mtu tangu tukiwa wadogo. Kama yeye ameandika hii inashusha presha, basi inashusha.'"

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya chokoleti iliyokunjwa vizuri. Mwalimu akavaa miwani. Nyuma ya uso wake mwenyewe paliandikwa: "Mwalimu anasema: Kakao, dawa ya wafalme wa kale, hushusha presha na kulinda moyo." Watumwa hawakuwapo. Matibabu hayakuwapo. Lile neno "huenda", alilolitafuta mbele na nyuma kama mtu aliyeangusha sindano, halikuwapo.

Hakulia. Aliikunja tena karatasi ile, akaitia mfukoni. Alipoingia wodini, kaka yake akamtazama kwa jicho lililo zima, akauliza kwa ulimi mzito kama mkono utarudi. Mwalimu alisema hajui. Kwa mtu yule, siku ile, hakuweza kuongeza uongo juu ya uongo.

Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Harufu ya kakao iliyokaangwa ilimpokea kabla hajafika kwenye lango la kiwanda. Akapita kando ya wanawake waliovaa kofia nyeupe wakichambua punje mezani, akapita mashine ya mawe iliyokuwa ikisaga uji mweusi unaong'aa, akaingia ofisini bila kubisha. Kasuku akasimama haraka, akavuta kiti, akaagiza chai. Mwalimu akaiweka karatasi mezani.

"Nani ameling'oa 'huenda'?"

Kasuku alieleza kwa upole. Nafasi ilikuwa ndogo. Watu wa matangazo walishauri. Habari za watumwa zinamharibia mtu hamu ya kitu kitamu. "Na 'huenda', Mwalimu, haiuzi. Mteja anataka kuambiwa ndiyo."

Mwalimu akamweleza habari za kaka yake. Kasuku aliinamisha kichwa, akasema pole nyingi, akaahidi kutuma zawadi hospitali. Kisha akainua macho.

"Lakini tuwe wa haki. Ni wapi nilipoandika mtu aache vidonge? Nionyeshe."

"Umefuta maneno yaliyomkataza asiache," Mwalimu alisema, "halafu unaniuliza palipoandikwa aache?"

Alimtaka azikusanye chokoleti zote zilizoko madukani. Kasuku akasema mzigo umeshatoka, haurudi. Halafu akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwamba Jumamosi anafungua duka lake kubwa, kwamba mgeni wa heshima ni yeye, kwamba watu wote wanamngoja awasimulie historia yake tamu. Waje wamalizane hukohuko, kama mama na mwana.

"Nitakuja," Mwalimu akasema. Kasuku akamsindikiza mpaka langoni, amefurahi.

Jumamosi duka lilijaa. Sahani za vipande vidogo zilizungushwa, watu wakila na kusifu. Mwalimu alipopewa kipaza sauti aliisimulia historia yote, kuanzia kinywaji kichungu mpaka kwenye mashamba. Alisema wafalme walikunywa kakao, na waliougua waliugua vilevile. Watu wakacheka kidogo. Kisha akainua karatasi.

"Maneno haya si yangu. Mimi niliandika huenda, niliandika kidogo, niliandika si badala ya matibabu. Wameyatoa, wameacha sura yangu. Kaka yangu aliiamini sura hiyo, akaacha dawa, na sasa mkono wake umekufa. Chokoleti ni tamu, kuleni. Lakini mwenye vidonge vya presha akavimeze."

Kipaza sauti kikazimwa. Aliyekizima hakujua anashindana na nani, maana Mwalimu alifundisha enzi zake zote katika madarasa ya mabati wakati wa mvua. Akaendelea bila kipaza, na hata aliyesimama mlangoni alimsikia. Mama mmoja akaweka kipande chake sahanini, akatoa simu na kumpigia mama yake mzazi, akamuuliza, mbele za watu, leo umemeza dawa?

Kasuku alimfuata mpaka nje, uso umemvimba. Alisema amemwaibisha, amemwangusha mtoto aliyemlea mwenyewe.

"Kaka yangu ndiye aliyeanguka," Mwalimu akamjibu, akaenda zake.

Habari zikatembea. Wenye maduka walianza kuzirudisha zile chokoleti wenyewe, wakiogopa kuulizwa na wateja, na mzigo ambao haurudi ukarudi. Karatasi mpya ikatoka, haina uso wa mtu, haina neno la presha wala la wafalme. Imebaki picha ya tunda la kakao. Kwa fundi saa hakuja mtu wa kuomba radhi. Kilikuja kikapu kikubwa cha chokoleti, na wifi akakirudisha na dereva yuleyule aliyekileta, akamwambia amshukuru bosi wake.

Fundi alirudi nyumbani akitembea kwa kukokota mguu. Vidonge huvimeza bila kubishana. Mkono umepona nusu, unashika kikombe lakini haushiki kigurudumu. Kwa hiyo hukaa kando ya meza, na binti yake hushika koleo ndogo ya saa, naye humwelekeza kwa ule ulimi uliobaki mzito kidogo, mara nyingine kwa ukali, kwa sababu anajua mkono wake ungefanya nini.

Jamaa walimjia Mwalimu kumsihi. Walisema yule kijana ameshajifunza, na kinyongo kinazeesha, amsamehe.

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza. Alingoja jibu kwa heshima, kama alivyowangoja wanafunzi wake. Akawamiminia chai.