Simu Kutoka Kayenze

Ng'washi alikuwa mkalimani wa simu. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimwajiri asimame kati ya madaktari na wagonjwa wanaojua Kisukuma tu, na kazi hiyo aliifanyia kwao Bujora, ndani ya ghala la zamani la pamba lililogeuzwa ofisi ya pamoja. Vijana kadhaa walikodi meza mle, wakatumia mtandao mmoja.

Mchana ule umeme ulikatika. Wakabaki na betri ya sola, mtandao ukawa wa kusuasua. Ndipo simu ikaingia kwenye kompyuta yake.

"Mke wangu amejifungua, damu haikatiki," mwanamume alisema kwa Kisukuma, akihema. Aliitwa Ngosha, yuko kambi ya wavuvi karibu na Kayenze. Gari lilikuwa limeitwa, halijafika.

Ng'washi akatafsiri. Daktari aliyekuwa kwenye laini hiyohiyo akadakia, "Mwambie aweke mkono chini ya kitovu cha mama, asugue kwa ngu..." Sauti ikapotea.

Ng'washi akageuka. Kwenye meza ya nyuma, Mhoja, mmoja wa vijana wale, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa akizungumza kwa video na watu wa Nairobi. Usaili wa kazi. Alikuwa ameomba kazi mpaka amechoka, na hawa ndio wa kwanza kumwita. Video yake ndiyo iliyokuwa inakula mtandao.

"Kaka Mhoja, zima! Kuna mama anatokwa damu."

Mhoja akafunga kipaza sauti. "Dada, niache nimalize kidogo tu. Nakuomba."

"Atakufa."

"Na mimi nikizima, hawanitafuti tena hawa!"

Masikioni mwa Ng'washi, kwa kukatikakatika, Ngosha alikuwa akimwita mkewe, na mkewe haitiki. Hakuwa na la kumfanya Mhoja. Akabaki kumtazama.

Mhoja akaziangalia zile nyuso za Nairobi kwenye kioo cha kompyuta. Akaifunga kompyuta kwa kishindo, akatoka nje.

Sauti ya daktari ikarudi safi. "Asugue bila kuacha, mpaka asikie pamekuwa pagumu. Mtoto awekwe kwenye titi, anyonye." Ng'washi akageuza kila neno, akarudia, huku Ngosha akilia na kusugua.

"Pamekuwa pagumu," Ngosha akasema hatimaye. "Damu imepungua. Amefumbua macho." Nyuma yake gari likasikika likiunguruma.

Jioni daktari alituma ujumbe: mama ameongezewa damu, anaendelea vizuri. Ng'washi akatoka kumtafuta Mhoja, akamkuta ameketi juu ya jiwe, simu mkononi. Watu wa Nairobi walikuwa wamejibu kwamba hawatarudia usaili.

"Yule mama?" Mhoja akauliza.

"Mzima. Na mtoto pia."

Akaitikia kwa kichwa. "Sijutii, dada. Ila usiniambie nifurahi."

Hakuonekana ghalani kwa siku nyingi. Aliporudi aliwasalimu wote, akaihamishia meza yake upande wa pili wa ghala, akaanza kuandika maombi mengine. Ng'washi hakumlaumu.