Pumzi ya Shemeji

Hospitalini walimwita Mama Usingizi, na mwenyewe alicheka tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla ya kisu cha daktari. Asubuhi ile mgonjwa wake alikuwa mdogo wake wa damu, bandama imepasuka kwa mateke ya mumewe. Upasuaji ulikwenda salama. Mdogo mtu alikuwa kitandani, ndiyo kwanza anazinduka, mlango ulipovunjwa kwa teke.

Shemeji aliingia na nondo mkononi. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mabega kama ukuta.

"Nimemfuata mke wangu. Nipishe!"

"Shemeji, ametoka kupasuliwa sasa hivi. Rudi nje!"

Nondo ilimshukia Mama Usingizi begani. Alisikia mfupa ukivunjika. Mwanamume akamruka, akaielekeza ile nondo kichwani kwa mkewe. Mama Usingizi akanyakua sindano ya dawa ya kulegeza misuli, iliyoandaliwa kwa mgonjwa anayefuata, akamdunga pajani na kuisukuma yote.

Jamaa akageuka kama mbogo. Akambwaga sakafuni, akaanza kumkanyaga. Dawa ikidungwa kwenye nyama huchukua dakika mbili tatu, na zote alizilipa kwa mbavu zake. Mwishowe kope za shemeji zikaanza kuchezacheza, nyama za mabega zikafurukuta chini ya ngozi, nondo ikamponyoka. Akaanguka kifudifudi. Mama Usingizi akajikongoja, akamgeuza chali. Macho wazi, kifua kimya.

"Najua unanisikia," akamwambia huku akitema damu. "Ubongo wako mzima. Unaamuru mkono unyanyuke, neva inamwaga kemikali yake, lakini vipokezi kwenye msuli vimeshikwa na dawa yangu. Hakuna amri inayopita. Hata ya kupumua."

Midomo ya shemeji ilianza kuwa ya bluu.

"Dada," mdogo mtu akanong'ona kutoka kitandani. "Mwache afe."

Mama Usingizi akasimama. Alimtazama yule mtu, naye alimtazama, chozi likimtiririka hadi sikioni. Kisha Mama Usingizi akapiga ukelele, akaburuta barakoa na mfuko wa hewa. Daktari alikuja mbio akamshikia barakoa. Yeye akakamua mfuko kwa mkono uliobaki, pumzi baada ya pumzi, dakika ishirini, hadi kifua kile kilipoinuka chenyewe. Askari wakamfunga pingu hapohapo.

Shemeji alihukumiwa miaka saba jela. Mdogo mtu alihamia kwa dada yake, na kwa miezi miwili hakumsemesha zaidi ya salamu. Siku moja, wako jikoni, akauliza bila kuinua macho:

"Ulisita kabla ya kumwokoa, siyo?"

"Nilisita."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, mdogo wangu. Kweli sijui."

Mdogo mtu aliweka kisu mezani. Kisha akamsogezea kiti, maana mbavu za dada yake zilikuwa bado zinauma, akaendelea kukata vitunguu.